Jembe Uwanja wa Ndege

Mama yangu aliishi miaka tisa bila kuuona uso wa mume wangu. Hawakuwa wakiishi mbali. Mama alikuwa Mjimwema, pale Njombe mjini, sisi tulikuwa Makambako, mwendo wa saa moja na nusu kama gari si bovu, na mume wangu alipita nyumbani kwa Mama karibu kila wiki kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa na lori la kubebea viazi na mbao. Hata hivyo, kila liliposikika likikata kona, Mama alijitanda kitenge kichwani, akaingia jikoni, akaufunga mlango.

Kwetu Ubena mama mkwe na mkwewe hawaonani ovyo. Hawasalimiani uso kwa uso, hawali pamoja, hawapishani njiani bila mmoja kugeuka na kutazama majani. Ni heshima, si ugomvi, na ina mwisho wake. Lakini mume wangu si Mbena. Ni mtu wa Kondoa, Mwislamu, aliyekuja Makambako wakati biashara zilipofunguliwa na kila mwenye gari akawa mfalme. Kwao mama mkwe anakaa sebuleni anakunywa chai na mkwewe na kumuuliza habari za barabara. Nilimweleza mara moja tu, mwanzoni, kwamba ni mila na itapita. Mwaka ukaisha, wa pili ukaisha, haikupita. Yeye akanyamaza, na mimi nikanyamaza, kwa sababu moyoni nilishajipa jibu langu: Mama hampendi kwa sababu ya dini.

Nilikuwa na sababu ya kufikiri hivyo. Tulipofunga ndoa kwa mkuu wa wilaya badala ya kanisani, Mama alilia. Ndiyo, alilia. Mimi nikayachukulia machozi yake kama hukumu, nikayaweka kifuani miaka yote hiyo. Mdomo wangu hauna breki kwa mambo madogo, lakini hilo kubwa sikulisema.

Basi mume wangu alikuwa akishusha gunia la maharage au ndoo ya mafuta ya taa, anaweka barazani, anakaa sebuleni peke yake. Ndugu yangu mdogo wa kike anamletea maji ya kunawa, kisha ugali na kuku. Kuku kila mara, na firigisi juu yake. Anakula akitazama kalenda ya ukutani. Akimaliza anaaga kwa sauti, "Nimeshukuru, mama!" Jikoni hakuna anayejibu. Siku moja njiani aliniambia, "Mimi pale kwenu nakula kama mahabusu." Nikacheka.

Mwaka wa tisa Mama akaanza kugonga vitu. Kwanza jiko, halafu mlango wa zizi, halafu akamkanyaga kifaranga na akalia kutwa. Mganga mkuu wa hospitali alimpima akatuambia kuwa ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakufa na hakukuwa na la kufanya. La kulia bado lilikuwa na mwanga kidogo upande mmoja, kama dirisha lililobanwa. Kulikuwa na hospitali ya kaskazini yenye daktari bingwa. Angeweza kumpasua na pengine kuuokoa mwanga uliobaki. Pengine. Neno hilo alilirudia mara mbili.

Kaka yetu mkubwa alikuwa Arusha, akifanya kazi kwenye kampuni ya watalii. Miaka ile wazungu walikuwa wanashuka kama kumbikumbi, na kaka alikuwa amenenepa. Alipopata barua yangu alituma tiketi ya ndege, Dar es Salaam mpaka Kilimanjaro, na maneno: Mama asiteseke na mabasi. Alisahau kwamba ili ufike kwenye hiyo ndege lazima uteseke na basi kwanza. Ila kaka ndivyo alivyo, anapenda kutoa kitu chenye kung'aa.

Wiki moja kabla ya safari nilikwenda Mjimwema kumfungia Mama mizigo. Alikuwa amekaa juani anapukuchua mahindi kwa kupapasa. Akaniambia, "Kabla hawajanigusa jicho hili, kuna kitu nataka nikione."

Nikasema, "Kitu gani, mama?"

"Simba."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alipokuwa mtoto wa kubebwa, simba walizisumbua sana nchi za kwetu, kuanzia kule bondeni Wanging'ombe. Watu waliliwa mashambani, wakaliwa milangoni mwao. Dada yake mkubwa alichukuliwa akitoka kuchota maji, na bibi yangu, aliyekuwa na Mama mgongoni, alimvutia nguo usoni asione. Mama alikua akisimuliwa habari hiyo mpaka akazeeka, lakini simba mwenyewe hakuwahi kumwona. "Nilifunikwa uso," alisema. "Sasa naingia gizani, na bado sijamjua aliyemla dada yangu."

Nikamwambia mume wangu. Alifikiri kidogo akasema, "Basi litapita Mikumi. Atawaona." Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Na mimi nitatangulia na lori la viazi ili mama asipate taabu."

Tulipanda basi Makambako asubuhi, Mama na mimi, na kikapu chenye viazi vya kuchemsha, mahindi ya kuchoma na chupa ya chai. Nilimkalisha dirishani upande wa kulia, jicho lake zima litazame nje. Tulipoingia mbugani dereva akakanyaga mafuta kana kwamba wanyama wanamdai. Tuliona twiga wawili, swala, na nyani waliokaa barabarani kama wasimamizi. Simba hakuna. Kila mara Mama akiniuliza, "Yuko wapi?" nami nikimwambia, "Bado, mama," mpaka tukatokea ng'ambo na mtu mmoja akafungua redio.

Dar tulifikia Temeke kwa binamu wa mume wangu. Kesho yake tukaenda uwanja wa ndege mapema, tukaambiwa dirishani kwamba ndege imeahirishwa mpaka kesho kutwa. Ilikuwa ndege ndogo ya kampuni ya watu binafsi, zile zilizoota kama uyoga miaka ile. Nilipandisha sauti. Dada wa dirishani akanitazama tu, akaendelea kupanga karatasi zake. Mama akanivuta mkono, "Acha. Ndege si yetu."

Mume wangu ndiye aliyesema, "Basi twende tukamtafute huyo simba."

Nje ya jiji kulikuwa na bustani ya wanyama, mali ya tajiri mmoja, mpya kabisa. Ukilipa getini unapandishwa kwenye Land Rover ya wenyewe pamoja na muongozaji, mnazungushwa. Mume wangu alitukodia teksi, naye akapanda basi nyuma yetu, ndivyo tulivyozoea. Pale getini tukakuta Land Rover moja tu, ya zamani, yenye mabenchi mawili yaliyotazamana. Kiti cha mbele alikaa mzee mwenye bunduki. Muongozaji alikuwa kijana mrefu mwenye kofia ya kaki, na maneno aliyoyakariri hata akikohoa lazima aanze upya.

Mume wangu akasema, "Mimi nawasubiri hapa kivulini."

Na hapo ndipo nilipokosea. Jua lilikuwa kali, nilikuwa na njaa, nilikuwa bado na hasira ya dirisha la ndege, na miaka tisa yote ikanipanda kooni. Nikamwambia mbele za watu, "Umelipa watu watatu. Panda! Au na wewe ni mnyama?"

Akapanda. Lo, nilijuta kabla hajakaa. Benchi lile ni jembamba, magoti yake yalikuwa karibu yaguse ya Mama. Mama akajivuta pembeni, akakishusha kitenge mpaka kifuani, akabaki kama gunia lililofungwa mdomo.

Tukaenda. Muongozaji akatangaza, "Wapendwa wageni, hairuhusiwi kushuka, kutoa mkono wala kupiga kelele. Kushoto kwenu mnamwona pundamilia." Pundamilia akapita. "Kulia kwenu mnamwona mbuni, ndege mkubwa kuliko wote." Mbuni akapita. Mama hakumwona hata mmoja. Nilimnong'oneza, nikamvuta nguo, akaishika kwa ndani kwa nguvu. Tukapita geti moja, likafungwa nyuma yetu, likafunguliwa la pili, na gari likasimama.

Simba walikuwa watatu, chini ya mti wa miiba. Dume lilikuwa zee, limekonda mbavuni, na nzi machoni. Lilikuwa limelala hatua kama kumi kutoka kwetu. Likainua kichwa na kututazama.

Nikasema, "Mama, huyo hapo. Funua, umwone."

"Siwezi," alisema ndani ya kitenge.

"Tumetoka Njombe kuja kuona simba au kuja kuona kitenge? Mama, jicho hilo unalo la leo na kesho!"

"Siwezi, mwanangu. Niache."

Mzee wa bunduki akageuka. Muongozaji akaanza, "Wapendwa wageni, simba dume hulala saa ishirini..." akakwama. Nami nilikuwa karibu kulia kwa hasira, sijui nimkasirikie nani.

Mume wangu alivua koti lake, lile la kijivu la mtumba alilolipenda kuliko nguo zote, akajifunika nalo kichwa mpaka mabegani, akavuta kola zikakutana mbele. Halafu akaniambia mimi, maana alishajua kwamba maneno ya kwenda kwa Mama yanapitia kwangu, "Mwambie mama simwoni. Atazame kwa raha zake."

Muongozaji alipatwa na mshangao akasahau somo lake. "Mzee, simba wako huku," alisema.

"Simba nawajua," sauti ikatoka ndani ya koti. "Kwetu Kondoa wapo."

Kisha Mama akakishika kitenge kwa vidole viwili, akakishusha taratibu mpaka shingoni. Aligeuza kichwa kwanza huku, kisha kule, kama kuku anayetafuta punje, mpaka upande wenye mwanga ukamkuta simba. Akamtazama. Simba akapiga mwayo, meno yakaonekana, mawili yamekatika.

"Ndiye huyu?" Mama akauliza.

"Ndiye, mama."

"Anakula nini sasa?"

Muongozaji akafurahi kupata swali. "Punda, mama, na ng'ombe waliokufa."

"Mzee mwenzangu," Mama alisema. "Mbona wanatukuzwa sana? Ana nzi kama mbuzi." Kisha akasema maneno kwa Kibena, jina la dada yake ndani yake, polepole, wala hakuyasema kwetu.

Alipomaliza hakujifunika mara moja. Aligeuza kichwa tena kwa namna ile ile, na jicho lake likatua kwenye lile koti la kijivu. Ndani yake kulikuwa na joto la kumwivisha mtu. Jasho lilikuwa limeloanisha mgongo wa shati. Mama alilitazama hilo koti muda mrefu kuliko alivyomtazama simba. Ndipo akajitanda, akasema, "Mwambie nimeona. Tuondoke."

Jioni ile Temeke tulikuwa uani, mimi naosha vyombo, Mama anavikausha kwa kanga. Wanaume walikuwa wameenda msikitini. Nikaona siwezi tena.

"Mama," nikasema, "leo umeona mwenyewe. Mtu amejifunika kichwa kama mwizi ili wewe uone simba. Miaka tisa anakula peke yake. Kama tatizo ni dini yake, mwambie aache kuja, maana hatabadilika, na mimi sitamwacha."

Mama aliweka sahani chini. "Dini?" alisema. "Nani amekuambia habari ya dini?"

"Ulilia siku ya ndoa."

"Nililia. Kwani wewe hukuwa mwanangu wa kwanza wa kike kuondoka? Nisilie?" Sauti yake sasa ilikuwa imepanda, hasira zangu nimezirithi kwake. "Na hao kuku anaokula kwangu miaka tisa, wanachinjwa na nani? Mimi nina kisu. Nina mikono. Kila lori likisikika bondeni, ninambeba kuku kwapani ninapanda kilima mpaka kwa yule Mwislamu muuza duka, naye anachinja, ninarudi mbio kabla mkwe wangu hajashusha mizigo. Macho yamekufa bado ninapanda kile kilima. Leo unaniambia dini!"

Nilibaki na sufuria mkononi. Nilimjua yule muuza duka. Nilimwona Mama mara ngapi akishuka kile kilima na kuku kwenye beseni, nikadhani amemnunua huko.

"Basi ni nini?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Jembe langu liko wapi?" akasema.

Ndipo nikajua, nikaona aibu mwili mzima. Kwetu, kwenye mahari, kuna jembe la mama. Si la baba, si la wajomba. Mkwe mwenyewe hulileta, huliweka miguuni kwa mama mkwe mbele ya mashahidi, na kuanzia hapo uso unafunuliwa, mnasalimiana, mnakula. Bila jembe hakuna wa kufunua uso. Na jembe haliombwi. Mama anayelidai jembe lake mwenyewe ni sawa na kusema mwanangu simpi bure. Ni aibu asiyoweza kuifuta. Baba yangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyekaa na mshenga wa Kondoa. Soko huria lilikuwa limemwingia kichwani. Alisema zama za vyuma zimekwisha, mbuzi na jembe na blanketi vyote viandikwe fedha, na akazinunulia bati. Mume wangu alilipa kila alichoambiwa. Hakuna aliyemtajia jembe. Mama alisubiri, labda mkwewe ataambiwa na wenzake wa Makambako. Baba akafa. Mama akaendelea kusubiri.

"Ningejuaje, mama?" nilisema.

"Wewe ni Mbena au si Mbena?" alinijibu. Halafu akapoa. "Usimwambie. Ukimwambia itakuwa nimeliomba."

Nilimwambia usiku uleule kabla hajavua viatu. Mimi sikuumbwa kutunza vitu kama hivyo. Alikaa kitandani akasikiliza mpaka mwisho. Hakunilaumu, na hilo liliniuma kuliko kama angenipiga kofi. Aliuliza neno moja: "Likiwa na mpini au bila mpini?"

"Bila mpini," nikasema. "Mpini anaweka mwenyewe."

Siku ya ndege ilipofika mume wangu alitoka alfajiri bila kuaga. Tulisubiri mpaka ikabidi tuondoke. Kwenye teksi Mama hakuuliza kitu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiri kwamba amechoka na sisi sote.

Uwanja wa ndege waliniruhusu kuingia na Mama kwenye chumba cha abiria kwa sababu ya macho yake. Kilikuwa chumba chenye vioo vyeusi, viti vyekundu vilivyounganishwa kwa vyuma, feni, na jokofu la soda lenye kufuli. Sakafu ilinuka dawa ya kung'arishia. Watu wamevaa nguo za heshima, wamekaa kimya, kila mtu anatazama mbele. Mama akasimama mlangoni, akanong'ona, "Kuna msiba?"

"Hapana, mama. Wanasubiri ndege."

"Mbona hawasalimiani?"

Basi akaanza. Alinishika bega, akapita kiti kwa kiti, anatoa mkono, "Kamwene. Habari za asubuhi. Kamwene." Mhindi mmoja mwenye mkoba alisimama akampa mikono miwili. Mama mmoja mnene, mfanyabiashara, mwenye simu ya mkononi kubwa kama kipande cha tofali, aliiweka simu pembeni akamwuliza tunatoka wapi, anaumwa nini. Chumba kizima kikaanza kuongea. Tulipokaa, yule mama mnene alishamnunulia Mama soda.

Kikasikika kipaza sauti: abiria wa Kilimanjaro wajiandae. Mama alikaa wima na kikapu mapajani, kitenge mabegani, jicho lake limeelekea kwenye kioo ambako mwanga ulikuwa mwingi. Nilijua anachofikiri. Akirudi na mwanga, sawa. Akirudi bila mwanga, hata jembe likija halitamfunulia kitu.

Ndipo nikasikia kelele mlangoni. Mume wangu alikuwa amesimama pale, shati limelowa, vumbi la Kariakoo mpaka magotini, na mkononi kitu kimefungwa kwa gazeti. Mlinzi alikuwa amekwisha kulichana gazeti upande mmoja.

"Jembe," mlinzi alikuwa akisema. "Bwana, jembe! Unakwenda kulima nini humo ndani? Mawingu?"

Nikamkimbilia. Nikaanza kueleza yote kwa pamoja, mila, Baba, bati, macho, simba, na nadhani hakuelewa hata nusu. Mlinzi akaniuliza, "Nyie ni watu wa wapi?"

"Njombe."

"Wabena!" Akapiga kofi. "Mimi Mngoni, wa Songea. Watani zangu hawa! Nilijua. Mbena hata mbinguni ataomba aingie na jembe lake akaangalie udongo." Akageuka akatazama huku na huku, kisha akamnyang'anya mume wangu lile jembe. "Ndani silitoi mkononi mwangu mpaka nione linatua chini. Dakika tatu. Na mimi ni shahidi, nitawadai kuku."

Wakaingia wote wawili. Mama alisikia hatua, akajua. Alijitanda kitenge mpaka kifuani. Mlinzi akamkabidhi mume wangu jembe, na yeye akalipokea kwa mikono miwili, akachuchumaa, akaliweka kwenye sakafu ile iliyong'arishwa, mbele ya viatu vya Mama. Kisha akageuza uso ukutani kama nilivyomfundisha.

Mama aliinama akalipapasa. Akapitisha kidole gumba kwenye makali. Akaligonga kwa ukucha, akasikiliza.

"La Kichina," alisema. Nusu ya chumba ikacheka. Hakucheka yeye. "Lakini litalima. Nani analeta?"

"Mkwe wako, mama," nikasema.

"Kuna nani mwingine anayeona?"

"Mimi, mama," alisema yule mfanyabiashara mnene, tayari analia, sijui alikuwa anajua nini. "Na mimi Mngoni," alisema mlinzi.

"Mwambie ageuke. Asogee hapa kwenye mwanga."

Mume wangu akageuka, akapiga magoti karibu na kioo. Mama akashusha kitenge. Akamshika kidevu, akamgeuza taratibu, yeye mwenyewe akigeuza kichwa upande huu na upande ule mpaka akampata. Alimtazama kipande kwa kipande: kovu la juu ya nyusi alilopata kwa jeki, mwanya wa meno, masikio. Kipaza sauti kiliita tena, na hakuna aliyesimama. Mume wangu machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta, labda aliogopa kutikisika.

"Kumbe ni huyu," Mama alisema. "Mbona kijana hivi!" Halafu, "Kamwene, mkwe wangu."

Mume wangu alishajifunza kuitikia sokoni Makambako miaka mingi nyuma, akawa hana wa kumwitikia pale alipotaka. "Kamwene, mama," alisema.

Jembe halikuruhusiwa kwenye ndege, na haliwezi kurudi mikononi mwa aliyelileta. Nililipakata mimi ndani ya basi, kutoka Dar mpaka Makambako, kila mtu akinitazama.

Mama alipasuliwa. Alikaa kaskazini miezi miwili, akarudi na miwani na matone. Daktari alifanya kila alichoweza. Haikusaidia. Kabla mwaka haujaisha, jicho lile nalo likafunga. Aliishi miaka mingine kumi na mmoja gizani, na jembe lile lilitiwa mpini wa mkaratusi. Alilimia matuta ya viazi kwa kufuata kamba aliyofungiwa na mkwewe kutoka mlangoni mpaka mwisho wa shamba. Lori likikata kona alikuwa anatoka barazani mwenyewe, anakaa kigodani, anasubiri salamu. Kuku aliendelea kupelekwa kilimani kuchinjwa, ila sasa walikula wote wawili kutoka sinia moja.

Miaka ile mume wangu alizeeka haraka, barabara zilimla. Mvi zilimwanzia kidevuni, zikapanda mpaka kwenye nyusi. Majirani walikuja wakamtania Mama, "Mkwe wako siku hizi babu kizee, kichwa cheupe kama cha kwako!" Mama alikasirika kweli. "Mnanidanganya kwa kuwa sioni," alisema. "Mimi nilimwona mwenyewe. Ni kijana." Kisha alinyoosha mkono hewani kumtafuta. "Si ndivyo, mkwe?"

Na mume wangu, kila mara, alikiinamisha kichwa chake cheupe chini ya mkono ule. "Ndivyo, mama," alisema.